Udi wa kwanza: tazama shingo kabla ya nakshi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nataka kujifunza kupiga udi, lakini akiba yangu ni ndogo. Nimeonyeshwa vyombo viwili ambavyo bei zake hazipishani sana. Kimoja ni kipya, kimejaa nakshi za chaza, nacho kinauzwa katika duka la vitu vya watalii. Kingine ni kikuukuu, cha mzee aliyeacha kupiga, kina ufa mwembamba usoni na nyuzi zake zimekatika. Nichukue kipi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Kwa maelezo yako, mimi ningeanza na kile cha mzee, kwa sababu chombo kilichopigwa miaka mingi kimekwisha kuonyesha kuwa kinapigika, ilhali vingi vinavyouzwa kwa watalii hutengenezwa vitundikwe ukutani. Ufa mwembamba unaofuata nyuzinyuzi za ubao huzibika kwa fundi mwenye mkono mwepesi, na nyuzi hununuliwa.

Jambo lisilosameheka ni shingo iliyopinda. Ufunge japo uzi mmoja, kisha utazame pale shingo inapokutana na tumbo la udi: uzi ukiwa juu ya ubao kwa milimita 3 hivi, uko salama, ukipita 4, vidole vitauma na sauti itapotoka kila unapobonyeza, na kurekebisha kasoro hiyo huweza kugharimu kuliko bei ya udi wenyewe. Halafu uzungushe vigingi vya kukazia nyuzi kimoja kimoja. Kinachoteleza au kukwama hutulizwa kwa chaki na sabuni kidogo, dawa ya zamani inayofaa sana kwenye unyevu wa pwani yetu, lakini kilicholika hadi kikawa mviringo usio sawa hubadilishwa.

Uulize pia kama ni udi wa Kiarabu au wa Kituruki. Wa Kiarabu, ambao ndio uliozoeleka katika taarab ya Unguja, nyuzi zake zina urefu wa sentimita 61 hivi. Wa Kituruki ni mfupi kidogo, kama 58.5, na sauti yake ni kali zaidi. Kwa kawaida utahitaji nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja wa besi. Usikubali kamwe kufungiwa nyuzi za chuma za gitaa, hata ukiambiwa zitadumu, kwani mvuto wake unaweza kung'oa kile kijiti kilichogundishwa usoni ambacho nyuzi zimefungiwa.

Ukiagiza nyuzi, fafanua kwamba unataka za udi wa muziki. Mwanafunzi wangu mmoja alielekezwa kwa muuza manukato, na muuzaji hakukosea, kwa kuwa jina la udi wa kupigwa na la udi wa kufukiza yote mawili yametokana na neno lile lile la Kiarabu lenye maana ya mti.

Kabla ya kulipa, umwombe mzee mwenyewe aupige, hata kwa nyuzi mbili tu za kuazima, nawe usikilize kama kuna kitu kinachotetema ndani ya tumbo.