Kupunguza gharama za vifaa vya shule
Ndugu muulizaji, umetaka kujua namna ya kuwanunulia watoto watatu vifaa vya shule bila kumaliza akiba. Kabla ya kwenda dukani, mwaga sakafuni mabegi ya mwaka uliopita, kwa sababu madaftari yenye kurasa nyingi safi, pamoja na rula na kompasi, husahauliwa humo, kisha ununue yale tu yanayokosekana kwenye orodha ya shule. Sare ndizo zinazokula fedha nyingi: chagua yenye pindo pana, ili mtoto akirefuka fundi alifumue na kulishusha, na ya mkubwa, ikiwa ingali imara, irithiwe na mdogo wake. Viatu, hata hivyo, usivifanyie ubahili. Soli ikibanduka katikati ya muhula, utalipa mara mbili. Kalamu nunueni boksi zima na jirani, mgawane.