Wafuasi 11,000, kura 312

Wiki jana kijana wa mtaani kwetu ameniandikia: "Kaka, nataka kuwania uwakilishi wadi 2027. TikTok nina wafuasi wengi. Nianzie wapi?" Nikacheka, halafu kikaniuma. Huyo ni mimi wa 2022.

Nilikuwa na wafuasi 11,000. Nikiingia laivu usiku watu wanajaa, alama za moyo zinapanda juu ya skrini, nami najiona mheshimiwa tayari. Tarehe 9 Agosti nikapata kura 312. Baadaye nikapitia majina ya waliokuwa wakinishangilia: Doha, Dubai, Riyadh, Nairobi. Wazaliwa wa hapa Kisauni, Mombasa, naam, lakini wengi wako Ghuba wanalinda mageti ya watu. Hata wa Qatar na Emirati, walioruhusiwa kupigia kura huko huko, walipiga ya urais tu. Waliobaki mtaani wengi hawakujiandikisha. Kenya nzima, vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 ya daftari la wapiga kura.

Lakini kilichonichoma hasa ni usiku wa kuamkia uchaguzi. Ujumbe ulizunguka WhatsApp na picha yangu, eti nimejiondoa, namuachia mwenzangu. Ulipita kwenye makundi ya chama cha akina mama, ya msikiti, ya mazishi, ambako mimi simo. Nami nikakanusha wapi? Kwa wafuasi wangu wa Riyadh! Aliyeuandika namjua. Tunasalimiana.

Basi mtu akiniambia mtandao unaua demokrasia, namwelewa, ila simfuati mpaka mwisho. Mwaka huo huo tume ya uchaguzi iliweka hadharani mtandaoni fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, vituo zaidi ya 46,000, na mimi niliyeanguka nilikesha na kikokotoo nikijumlisha mwenyewe. Juni 2024 vijana waliuchambua Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, kifungu kwa kifungu kwenye simu, wakaingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na tarehe 26 Rais akakataa kuutia sahihi. Pale palikuwa na karatasi ya kushika: fomu yenye sahihi za mawakala wa wagombea, mswada uliochapishwa. Kwangu palikuwa na maadmini 8 wa mtandaoni na mawakala 3 wa vituoni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jiandikishe, kisha uandikishe wenzako. Kila kituo kiwe na wakala, umpe nauli na chakula, akuletee nakala ya fomu. Ingia makundi ya mazishi, na uende mazishini pia. Uandikishe wenzako, narudia, maana nyinyi mnapenda kuhesabiwa na mnachukia foleni! Ule ujumbe wa kujiondoa nao utakuja tu. Rekodi jibu lako mapema kwa sauti yako, uwaachie akina mama wanaoaminika kila mtaa.

Jambo moja sikukujibu kule inboksi. 2027 mimi pia nimo, na wadi ni hii hii.