Uliza Msafiri: Maporomoko ya India, mvua ikiwa bado inanyesha

Dada Msafiri, salaam. Mwezi wa nane namsindikiza mume wangu Bengaluru kupasuliwa goti. Kijana wetu anasoma hukohuko. Tungependa kupata siku mbili tatu tukaone maporomoko ya maji, lakini jirani kaniambia Agosti India ni mvua tupu, hakuna cha kuona. Ni kweli? – Mama Salim, Tanga

Mama Salim, poleni na kuuguza, Mungu amjalie mzee afya. Jirani yako hajadanganya kuhusu mvua, ila kwa maporomoko ya kusini mwa India mvua ndiyo mtaji wenyewe. Nenda mwezi wa nne uone: mwamba mkavu, maji yanachuruzika pembeni, na basi zima la watalii wanapiga picha kwa aibu.

Isitoshe, mvua hiyo mnaifahamu. Kusi ileile inayovuma hapo Ras Kazone huvuka ikweta, hukata kona kwenye pwani ya Somalia, ikabeba unyevu wa Bahari ya Uarabu na kugonga milima ya Western Ghats. Hapo inamwaga kila ilichobeba. Jimbo la Kerala, kusini-magharibi, huipokea mwanzoni mwa Juni, na kufikia katikati ya Julai karibu nchi nzima imeshalowa.

Mkiwa Karnataka, jimbo lenye Bengaluru, pa kwanza ni maporomoko ya Jog. Mto Sharavathi unajirusha mita 253 kwa mikondo minne, na kila mmoja una jina lake. Raja anashuka wima bila kugusa kitu. Roarer anaanzia pembeni kwa kishindo, kisha anamkimbilia Raja. Rocket anatema maji kwa mafungu, na Rani anateleza taratibu juu ya jiwe kama kanga iliyoanikwa. Msitegemee kuwaona wote mara tu mkifika. Mara nyingi bonde zima limejaa ukungu. Unashika chuma cha uzio, unasikia ngurumo mpaka kifuani, na mbele yako ni weupe mtupu. Msiondoke. Upepo ukigeuka pazia linafunguka dakika chache, watu wanapiga kelele, halafu linafungwa tena. Wakati wa kusubiri kuna wauza mahindi ya kuchoma, yanayopakwa limau na chumvi yenye pilipili, hamtaona tofauti na nyumbani. Angalizo ni nyani: hindi mkononi, macho kwenye paa la kibanda.

Sasa jambo ambalo vipeperushi vya watalii havisemi. Juu ya Jog kuna bwawa la umeme la Linganamakki, na mto hukusanywa humo kwanza. Kunyesha peke yake hakutoshi, mpaka bwawa lijae na milango ifunguliwe. Ndiyo maana mimi napendelea mwisho wa Agosti na Septemba kuliko Juni. Magazeti ya Karnataka huandika kina cha mabwawa msimu wote wa mvua; mwambieni kijana afuatilie Linganamakki kabla ya kukata tiketi. Kuna treni ya usiku kutoka Bengaluru hadi Talaguppa. Mnalala njiani, asubuhi mnashukia karibu kabisa na Jog, halafu mnamalizia kwa teksi.

Lakini mzee asiende Jog baada ya upasuaji. Ni kama kilomita 400, na goti bichi halifai kwenye mawe yenye utelezi. (Zipo ngazi zaidi ya 1,000 za kushuka hadi chini. Wakati wa mvua kubwa hufungwa, na wala sisikitiki.) Kama hospitali imewapa tarehe ya mbele, mpelekeni Shivanasamudra kabla ya kulazwa. Ni kama kilomita 130 kutoka Bengaluru, mnakwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa gari. Pale mto Kaveri unagawanyika, upande mmoja Gaganachukki, upande wa pili Barachukki. Gaganachukki mtaitazama kutokea ng'ambo, bila kuteremka mahali. Huko ndiko kulikojengwa kituo cha umeme wa maji mwaka 1902 kilichopeleka umeme kwenye machimbo ya dhahabu ya Kolar. Mzee akichoka kutazama maji, atakuwa na la kuwasimulia wauguzi.

Pasipoti na viza mtembee nazo. Hoteli za India zinatakiwa kuwaandikisha wageni wa nje, na nyumba ndogo za wageni nyingine zinakataa kabisa. Pigeni simu kwanza.

Nimeona video ya treni ikipita katikati ya maporomoko meupe. Ni ya kweli au ya kutengeneza? Nikienda Julai nitafikaje? – Kijana wa Kisauni, Mombasa

Ni ya kweli. Ni Dudhsagar, mpakani mwa Goa na Karnataka, mita 310, na daraja la reli limekatiza mbele yake. Ila Julai magari ya jeep ya watalii kutoka kituo cha Kulem huwa yamesimama mpaka Oktoba hivi, na kutembea juu ya reli ni marufuku. Utaona vijana wanajaribu. Utaona pia polisi wa reli wanawarudisha. Panda treni ya abiria inayopita kati ya Castle Rock na Kulem mchana, umuulize mkaguzi wa tiketi ukae upande gani, ufungue dirisha. Dakika zenyewe ni chache na utalowa. Kwangu inatosha, kuliko kuogelea chini ya maji ya mvua. Mwaka 2024 karibu na Lonavala, jimbo la Maharashtra, familia ilisombwa na maji watu wakiwatazama, maana mto wa mlimani hupanda ghafla hata pale uliposimama pakiwa hapanyeshi.

Niko Muscat, nina wiki moja mwezi wa tisa. Nimeambiwa niende Cherrapunji. – Abuu N.

Cherrapunji, huko milimani kaskazini-mashariki mwa India, iache mpaka Oktoba au Novemba. Maporomoko yake ya Nohkalikai ni mita 340 na ni mazuri mno, lakini pale ndipo palipowahi kunyesha milimita 26,461 ndani ya miezi 12, kati ya 1860 na 1861. Kwenye msimu wa mvua unaweza kukaa siku nzima ukitazama wingu. Kwa Septemba, shukia Kochi, jimbo la Kerala, ukodi gari hadi maporomoko ya Athirappilly, kwenye mto Chalakudy. Urefu wake ni kama mita 24 tu, usicheke: ni mapana, msitu umeyazunguka, na hondohondo wanapita juu yako wakipiga mbawa kwa sauti. Nenda asubuhi, siku ya kazi. Ukiingia msituni paka chumvi au tumbaku kwenye soksi kwa ajili ya miruba, na vaa viatu vya soli yenye meno. Ndala ziache hotelini.