Ukipokea faili la Patel, anza na jina la baba na kijiji

Nimekuwa karani wa mirathi katika ofisi ya mawakili hapa Mwanza kwa miaka mingi, na katika majina yote ya ukoo yanayopita mezani kwangu hakuna linalowasumbua makarani wapya kama Patel, jina la watu wenye asili ya Gujarat, India. Wakiona akina Patel wawili kwenye faili moja, wanaandika "ndugu". Wakiona Patel na Desai, wanaandika "hawana uhusiano". Mara nyingi ukweli ni kinyume, na kosa la namna hiyo likishaingia kwenye orodha ya warithi linaweza kuizungusha familia mahakamani mpaka ichoke. Naandika haya kwa makarani wenzangu, kwa walimu wanaosajili watoto, kwa wauguzi wa mapokezi, hata kwa kijana anayeoa au kuolewa katika familia hizi. Jina Patel peke yake halikuambii mtu huyu ni nani. Uliza jina la baba, kisha uliza kijiji alichotoka babu.

Patel kilikuwa cheo kabla ya kuwa jina. Huko Gujarat, magharibi mwa India, patel alikuwa mkuu wa kijiji. Ndiye aliyeshika hesabu za mashamba, ndiye aliyekusanya kodi ya ardhi kwa niaba ya mtawala, na kijiji kikishindwa kulipa, yeye ndiye aliyeulizwa. Walipita Wamoghul, wakaja Wamaratha, wakaja Waingereza, kazi ya patel ikabaki, kwa sababu kila mtawala alihitaji mtu wa kumletea kodi. Msomaji wa Tanzania amfikirie jumbe wa enzi za Mjerumani, halafu afikirie kwamba wajukuu wa majumbe wote nchini wameamua kujiita Jumbe. Wasingekuwa ukoo mmoja kwa sababu hiyo. Desai na Amin navyo vilikuwa vyeo vya kodi, ndiyo maana watu wa jamii moja kabisa, wanaooana na kuzikana, wanaweza kuwa na majina hayo matatu. Jimbo la jirani, Maharashtra, cheo hicho hicho kikazaa jina Patil. Pratibha Patil, rais wa India kuanzia 2007 hadi 2012, ni wa jina hilo. Tafadhali usije "ukasahihisha" Patil kuwa Patel kwenye fomu.

Wahindu wengi wenye jina hili ni Wapatidar, jamii ya wakulima ambayo zamani iliitwa Kanbi. Patidar ni mwenye hisa katika ardhi ya kijiji. Wamegawanyika katika matawi makubwa mawili, Leva na Kadva. Kadva wana mungu mama wao, Umiya, mwenye hekalu mashuhuri katika mji wa Unjha, kaskazini mwa Gujarat. Leva wa eneo la Charotar, upande wa Anand na Nadiad, ndio ambao wengi wao walivuka bahari kuja huku. Charotar ni ardhi yenye rutuba, nchi ya tumbaku na maziwa. Ushirika wa maziwa uliozaa Amul, chapa mashuhuri ya maziwa ya India, ulianzishwa hapo mwaka 1946, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Tribhuvandas Patel. Kuna vijiji sita huko vyenye heshima ya pekee: Karamsad, Nadiad, Vaso, Sojitra, Dharmaj na Bhadran. Ukimsikia mzee akitaja kimoja cha hivyo, mtazame usoni. Atakuwa ameketi wima zaidi.

Na kwa nini walikuja? Njaa kubwa ya 1899 hadi 1900, ambayo Wagujarati huiita Chhappaniyo kwa sababu iliangukia mwaka 1956 wa kalenda yao (chhappan ni hamsini na sita), iliwasukuma wengi kutoka mashambani. Huku nako reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa inafungua bara. Vibarua wengi wa reli walitoka Punjab, lakini nyuma ya reli zikafuata duka za Wagujarati, na karani wa Kipatel aliyejua kusoma na hesabu alipata kazi kwa urahisi. Alitangulia mmoja, akamwita mdogo wake, mdogo akamwita shemeji, na ndivyo kijiji kimoja cha Charotar kilivyoweza kuhamia mtaa mmoja wa mji wa Afrika Mashariki.

Hao ni Wapatidar wa Charotar tu. Ukienda Nairobi utakutana na Leva Patel wa Kutch, wilaya ya magharibi mwa Gujarat, watu wa vijiji vinavyouzunguka mji wa Bhuj, kama Madhapar, Baladia, Mankuva na Sukhpar. Wengi walikuja wakiwa waashi na mafundi wa ujenzi, na wengi ni wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu. Hawa wana majina ya koo chini ya Patel: Halai, Hirani, Vekaria, Varsani, Bhudia, Pindoria. Nimeshika faili ambalo baba ameandikwa Patel, mwana mkubwa ameandikwa Patel, na mwana mdogo ameandikwa kwa jina la ukoo. Huyo mdogo ni wa familia hiyo hiyo kabisa. Katika hali kama hiyo swali sahihi ni "Nyumbani kwenu mnaitwa akina nani?" na mzee atakujibu bila kufikiri.

Dini nayo usiikisie. Wapo Waislamu wengi wenye jina Patel, hasa kutoka Bharuch, kusini mwa Gujarat. Ni Wasunni, na wasichanganywe na Mabohora tunaowajua mijini kwetu. Ahmed Patel, mwanasiasa mkubwa wa chama cha Congress, alikuwa Mwislamu wa huko. Wapo pia Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta: jaji Dorab Patel wa Pakistan, aliyeacha kiti chake mwaka 1981 badala ya kula kiapo cha utawala wa kijeshi, alikuwa Mparsi. Kwenye mirathi jambo hili si dogo, kwa sababu dini ya marehemu na namna alivyoishi vinagusa sheria itakayotumika kugawa mali yake. Karani aliyejaza "Mhindu" kwa kuwa ameona Patel amewaumiza watoto wa watu.

Sasa tuje kwenye makaratasi yenyewe, maana hapa ndipo msaada unapohitajika zaidi. Jina la Kigujarati lina sehemu tatu: jina lake mtu, jina la baba, jina la ukoo. Linakaa vizuri sana kwenye fomu zetu za majina matatu. Chukua familia inayojulikana na kila Mhindi. Sardar Patel, kiongozi wa wakulima wa Bardoli mwaka 1928 na baadaye naibu waziri mkuu wa kwanza wa India, jina lake kamili lilikuwa Vallabhbhai Jhaverbhai Patel. Kaka yake aliitwa Vithalbhai Jhaverbhai Patel. Jina la kati ni moja, kwa hiyo baba ni mmoja. Watoto wa Sardar waliitwa Maniben Vallabhbhai Patel na Dahyabhai Vallabhbhai Patel. Ukisoma majina manne hayo tu, umeshauona mti wa familia bila kuambiwa na mtu. Kwa hiyo usikubali kamwe fomu yenye "Patel" na herufi moja ya katikati. Hiyo J au V ndiyo iliyobeba ushahidi wote, iandike kwa urefu wake.

Mwanamke akiolewa, jina la kati hubadilika. Anaacha la baba na kuchukua la mume. Maniben hakuolewa, ndiyo maana alibaki na jina la baba maisha yake yote. Lakini mwanamke wa Kipatel akiolewa na Patel, jina la ukoo halisogei hata kidogo, na mtu asiyejua anadhani hakuna kilichobadilika. Nimewahi kukaa na mama mmoja mjane, cheti chake cha kuzaliwa kiko kulia, kitabu chake cha benki kiko kushoto. Jina la kwanza lile lile, Patel ile ile, katikati majina mawili tofauti. Benki ilikuwa imemwambia hao ni watu wawili. Alikuwa anapitisha kidole juu ya jina la baba yake, kisha juu ya la mumewe, akisema kwa sauti ya chini, "Huyu mimi, na huyu mimi." Dawa yake ni hati ya kiapo inayoeleza majina yote mawili, pamoja na cheti cha ndoa. Itayarisheni mapema, mama akiwa mzima, msisubiri msiba.

Kuna na viambishi vya heshima. Wanaume huongezewa bhai, wanawake ben, na mara huandikwa, mara huachwa. Raman, Ramanbhai na Ramanlal wanaweza kuwa mtu mmoja katika hati tatu. Orodhesha maumbo yote ndani ya kiapo kimoja. Na unapoongea na mtu mzima, mwite kwa jina lake ukiongeza bhai au ben. "Bwana Patel" katika chumba chenye akina Patel sita hakumwiti yeyote.

Chunga pia kaka na dada. Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, na dada ni babu mzaa baba. Mzee anayechanganya lugha anaposema "kaka yangu aliniachia duka", muulize: mlizaliwa tumbo moja, au ni ndugu wa baba? Kalamu isiguse karatasi kabla hujajibiwa.

Kuhusu kuuliza kijiji, iko adabu yake. Wenyewe huulizana "gam" yao, yaani kijiji, kabla hata chai haijafika, kwa sababu ndoa zao zilifungwa kwa kufuata miduara ya vijiji vinavyooana, na watu wa kijiji kimoja kwa desturi hawakuoana. Ukiuliza wewe mgeni, wengi hufurahi. Lakini vijiji vilipangwa kwa vyeo, na wazazi wa vijiji vidogo waliumia kwa mahari nzito, ambayo kwao hutolewa na upande wa binti, ili binti aolewe kwenye vile sita. Kwa hiyo uliza kijiji, usiulize kina hadhi gani. Na usiuchukulie utajiri kuwa jambo la kuzaliwa nalo. Mwaka 2015 umati mkubwa wa Wapatidar ulijaa Ahmedabad ukidai nafasi maalumu za ajira na masomo. Patel wa kupanga chumba yupo, na nimemhudumia.

Kwa familia zenyewe, nina ombi. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia Uganda, akawapa siku 90, na hati za familia nyingi zikatawanyika: cheti kiko Mwanza, hati ya nyumba ilibaki Kampala, shangazi yuko Leicester. Wahindu huchoma maiti, kwa hiyo hakuna kaburi la kwenda kusoma jina. Tafuteni daftari za samaj, yaani chama cha jamii, na za hekalu, na vitabu vya zamani vya duka. Huko Gujarat wapo pia wabaroti, watunza nasaba ambao kwa vizazi wamepita kijiji kwa kijiji wakiandika waliozaliwa. Daftari zao huhesabu zaidi upande wa kiume, binti mara nyingi hamo. Basi majina ya bibi na vijiji walikozaliwa yaandikeni ninyi, sasa hivi, kwa jina kamili la kati.