Mwanangu, kabla hujatia saini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika. Sisi hatujambo, hofu ni juu yako. Unauliza kama uingie na wenzako wawili kwenye biashara ya kupeleka saruji na mabati katika mji ambao vita havijaisha. Unasema faida ni mara tatu na wafanyabiashara wengine wamekimbia. Naamini yote mawili, na la pili ndilo lililozaa la kwanza.

Umeandika sana kuhusu mabomu. Mimi nitaanza na karatasi.

Wakati ule nilipokuwa nikipeleka unga upande wa pili wa mapigano, dereva wangu alirudi na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimelowa jasho, kina muhuri wa bluu wa wale walioishika barabara. Alikuwa amelipa kizuizini, wakamwandikia risiti ili kizuizi cha mbele kisimtoze tena. Nilifurahi, nikaona hapa pana utaratibu. Safari ya nne barabara ilikuwa imebadilisha mikono. Wenye barabara wapya walimpekua, wakaikuta risiti mfukoni, wakamwita mfadhili wa adui. Alikaa ndani siku 11. Mimi nilikuwa nyumbani nikipiga simu. Alipotoka alinikabidhi funguo za lori bila kusema neno, na hakuendesha tena.

Usidhani hayo ni ya wachuuzi wadogo tu. Kampuni ya saruji ya Lafarge, ya Ufaransa, ilifungua kiwanda kaskazini mwa Syria mwaka 2010. Vita vilipokolea, mwaka 2012 iliwaondoa wafanyakazi wa kigeni; Wasyria wakaachwa waendeshe mitambo. Kupitia madalali, kampuni ikawalipa wapiganaji, kundi la Dola ya Kiislamu (ISIS) wakiwemo, ili malori na wafanyakazi wapite vizuizini. Malipo yale yalifika takribani dola milioni 6. Septemba 2014 wapiganaji hao hao wakakiteka kiwanda. Oktoba 2022, mbele ya mahakama ya Marekani, kampuni ilikiri kosa la kula njama ya kusaidia makundi ya kigaidi, ikatozwa karibu dola milioni 778. Kumbuka, saruji ilikuwa ya Syria na kampuni ya Ufaransa, lakini sheria iliyowabana mwaka ule ilitoka Marekani. Kwa hiyo mwenzako akikwambia "kuna mtu wetu huko atatusafishia njia", muulize mtu huyo analipa nani.

Bima? Soma ukurasa wa vitu visivyolipwa. Bima ya kawaida ya mali na mizigo haigusi vita. Ya vita hununuliwa peke yake, na kwa meli kampuni ya bima inaweza kuivunja kwa notisi ya siku 7 hivi, yaani mambo yakichacha ndipo inapopanda bei au kuondoka. Mkopo wa benki nao hauna huruma. Mali itaungua, marejesho yataendelea.

Hata ukiuza vizuri, pesa itatokaje? Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mtu alikuwa na akiba yake yote kwenye akaunti na hawezi kununua chochote.

Najua utasema watu wa mji ule wanahitaji paa. Ni kweli, na sitaki uwe mtu wa kuwageuzia uso. Ila kwa mpango ulionionyesha, usiingie. Mnakodi ghala la mwaka mzima na kujaza bidhaa kwa mkopo. Mkifika hapo hamtaweza kuondoka hata mkitaka, na asiyeweza kuondoka hulipa chochote anachotajiwa. Wenzako wakikubali kupeleka shehena moja moja, iliyolipiwa kabla ya kuondoka, bila ghala, bila dalali wa vizuizi, na dereva awe na haki ya kugeuza lori bila kukatwa mshahara, nitakaa nawe tuupigie hesabu upya.

Katika kurasa zako tano za hesabu nimeona mafuta, matairi, ushuru, hata chai ya mlinzi. Dereva sijamwona. Ukinijibu niandikie ni nani, ana watoto wangapi, na kama umeshamweleza barabara ile inashikwa na akina nani.

Mama yako