Kununua boti kuukuu ya utafiti kutoka serikalini

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza kama uweke zabuni ya boti ya utafiti inayouzwa na taasisi ya serikali, uigeuze iwe ya uvuvi. Inawezekana. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 inaruhusu mali kama hiyo kuuzwa kwa zabuni ya wazi au mnada, kwa hivyo anayekwambia atakupitishia kando, mkimbie.

Siku ya ukaguzi usiende peke yako, nenda na fundi wa meli. Chombo huuzwa kilivyo na pale kilipo. Ukigundua baadaye kwamba bamba za chini zimeliwa na kutu, huna wa kumrudishia. Fundi apime unene wa bamba, na atazame kama mafuta ya injini yameingia maji. Winchi (mashine ya kuvutia kamba na nyaya) ikiwa nzima ni mali, lakini vifaa vya zamani vya kupimia bahari mara nyingi havina vipuri, usivilipie sana. Chombo cha miaka mingi huenda kina asbesto (nyuzi za kuzuia joto ambazo vumbi lake hudhuru mapafu), basi usikate chochote kabla mtaalamu hajaangalia.

Kabla ya kutia bei, waulize KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, kuhusu usalama na usajili, na idara ya uvuvi kuhusu leseni. Hesabu pia gharama ya kuivuta na kuiegesha.