Jibu: Nyumba ya mbayuwayu zambarau imejaa shomoro, tuing'oe?

Mkuu, umesema nyumba ya vyumba 12 mliyoisimamisha bustanini huko Texas imejaa shomoro, mbayuwayu zambarau (purple martin, ndege wahamao wanaokula wadudu) hawajaonekana, na wenzako wa kujitolea wanataka kuing'oa. Msiing'oe. Shida ni kwamba ilisimamishwa ikaachwa. Mashariki mwa Marekani ndege hawa hutaga karibu wote kwenye nyumba na vibuyu vya kutundikiwa na watu, desturi iliyoanzishwa na wenyeji asilia wa nchi hiyo. Anayetundika ndiye anayelinda.

Mahali kwanza. Nguzo iwe ya futi 12 hadi 15, na mti wa karibu uwe umbali wa futi 40 au zaidi, maana mwewe huvizia mitini. Lakini msiipeleke porini, wanapenda kuwa karibu na watu. Kama yenu iko kivulini, ihamisheni kabla ya kugusa kitu kingine.

Halafu milango. Tundu la duara la inchi 2 na 1/8 linampitisha kwezi pia, naye huua makinda na kuteka chumba. Wekeni milango ya umbo la nusu mwezi yenye kimo cha inchi 1 na 3/16, ikae chini karibu na sakafu. Mbayuwayu hujilaza akapenya. Kwezi, mwenye kifua kinene, hukwama. Pimeni kwa rula, maana ikizidi kidogo tu kazi imeharibika. Na kama vyumba ni vya inchi 6 kwa 6, toboeni ukuta wa kati mpate vya 6 kwa 12. Mtabaki na vyumba 6 tu, ila bundi akiingiza mguu hafikii makinda walio nyuma.

Shomoro anapita mlango wowote huo, kwa hiyo yeye anadhibitiwa kwa ukaguzi. Hapa ndipo vikundi vingi hulegea. Wekeni zamu za watu wawili wawili, kila siku 5 hadi 7, asubuhi jua likishapanda, isiwe siku ya mvua wala baridi. Mmoja anashusha kwa winchi au kapi, mwingine anaandika: tarehe, namba ya chumba, kiota, mayai, makinda. Tieni alama kwenye nguzo ili nyumba irudi ikitazama upande ule ule. Ikigeuka, wazazi wanapotea vyumba. Harufu ya mkono haiwafukuzi wazazi, msisikilize wanaosema hivyo.

Kabla ya kutupa kiota, hakikisheni ni cha nani. Cha shomoro ni nyasi, manyoya na takataka, mayai yana madoa. Kwezi ana mayai ya buluu. Mbayuwayu zambarau hutumia vijiti, majani makavu na tope, hutandika majani mabichi, na mayai yake ni meupe pe. Shomoro na kwezi waliletwa kutoka Ulaya, hivyo sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 haiwalindi. Ndege wa asili inawalinda, hata yule aliyevamia chumba chenu.

Hesabu ya tarehe muishike vizuri. Yai la mwisho likitagwa Mei 1, makinda huanguliwa kama Mei 16. Wakifikisha siku 22 hivi, yaani karibu Juni 7, acheni kufungua chumba hicho, maana wakishtuka wataruka kabla ya wakati. Huondoka wenyewe wakiwa na siku 26 hadi 32. Kukiwa na makinda wadogo vyumba vya jirani mnavyotaka kukagua, zibeni milango ya makinda wakubwa kwa kitambaa kabla ya kushusha, mkitoe mkishapandisha.

Kiota kikilowa au kikijaa utitiri na mabuu ya nzi, kibadilisheni makinda wakiwa bado wadogo. Waweke kwenye ndoo, toa uchafu wote, tandika maranda makavu, fanya kishimo katikati, warudishe chumba kile kile. Vumbi la mbao hapana, dawa ya wadudu hapana.

Nguzo tupu ni ngazi ya rakuni, mnyama mla mayai na makinda. Valisheni bomba la bati la kipenyo cha inchi 8, urefu wa futi 2 hadi 3, futi 4 kutoka ardhini. Kwa Texas hilo halitoshi, kuna nyoka wanaopanda vizuri ajabu. Zungushieni wavu laini wa kuzuia ndege chini ya bomba ili nyoka wanase, mkiukagua kila siku kwa sababu hunasa na wasiokusudiwa.

Kuhusu yule aliyesema watamaliza mbu wa mtaa: hawamalizi. Wanawinda mchana, juu sana, kereng'ende na sisimizi wenye mabawa.

Mwisho, msikate tamaa mapema. Wakubwa wanaofika kaskazini mwa Texas mwezi Februari hurudi makwao pa mwaka jana. Makao mapya hupata vijana wa mwaka mmoja, na hao huchelewa mwezi mzima au zaidi. Fungeni milango yote wakati wa baridi, mfungue katikati ya Machi, na mkimwona shomoro amebeba nyasi, shusheni siku hiyo hiyo.